Jina la Kwanza Jaridani

Mkemia yule alikuwa na kanuni moja isiyopindika: mtafiti hafichi alichokiona. Mficha uchi hazai, aliwaambia wanafunzi wake, na waliomjua walijua kuwa hatanii. Kwa hiyo alipojiunga na mafunzo ya chuo kikuu ya kuwasaidia wanasayansi kuugeuza utafiti wao kuwa biashara, aliingia kifua mbele, mkononi ana kitambaa cheupe cha kufungia vidonda ambacho hugeuka samawati kidonda kinapoanza kuoza.

Hakuingia kwa tamaa. Ufadhili wa utafiti ulikuwa unakoma mwisho wa mwezi, na pamoja nao ajira ya fundi wa maabara, mzee aliyebandikwa jina la Mizani kwa kuwa mkono wake ulikadiria uzito wa unga kabla mashine haijatulia. Kampuni ikizaliwa, Mizani atabaki kazini. Isipozaliwa, ataondoka zikiwa zimesalia fimbo tatu tu kufika pensheni, maana yeye miaka aliiita fimbo.

"Mwalimu, leo usiwape kemia," Mizani alimwasa asubuhi ya kujieleza mbele ya jopo, akimpangia vipande vya kitambaa ndani ya bahasha. "Wenye mitaji hawali fomula. Waonyeshe rangi, unyamaze."

"Na wakiniuliza bei, Mjomba?"

"Waambie bei iko kwa mjomba wako, na mjomba wako ni mkali."

Jopo lilikuwa la watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mkemia alikichovya kitambaa katika majimaji ya kidonda, na rangi ikapanda polepole mbele ya macho yao. Mmoja wao, mwenye mtaji, alivuta kiti mbele. Ndipo mwanasheria wa mafunzo, mwanamke asiyeinua sauti, akauliza:

"Jambo hili limewahi kuchapishwa popote?"

"Bila shaka," alijibu kwa fahari. "Mwaka juzi, katika jarida la kitivo. Hatua zote, vipimo vyote. Jina la fundi wangu nililitanguliza mbele ya langu, kwa sababu kazi ilikuwa yake."

Mwanasheria aliweka kalamu chini.

"Sikiliza, dada yangu. Hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, humlinda mvumbuzi ambaye uvumbuzi wake haujatangazwa. Wako umekwisha kuanikwa. Kiwanda chochote kinaweza kusoma jarida lile na kuutengeneza kesho, wala huna la kukizuia."

Mwenye mtaji alirudisha kiti chake nyuma. Alimsifu sana mkemia, na sifa zile zilikuwa za kuagana.

Maabarani Mizani alikuwa anasuuza bilauri.

"Enhe! Wameuliza bei?"

Mkemia hakutafuta maneno ya kupaka mafuta. Alimweleza yote, kuanzia swali hadi kiti kilichorudi nyuma. Mzee alisikiliza huku maji yakitiririka, kisha akafunga bomba.

"Kwa hiyo ni jina langu lililotuponza?"

"Ni mkono wangu uliochapisha."

"Nakumbuka siku ile uliponiletea jarida. Nilicheka ili usihuzunike." Aliipanga bilauri juu ya rafu. "Ungeniuliza, ningekwambia usilichapishe. Mimi nilitaka kazi, mwanangu. Jina ninalo tangu kuzaliwa."

Mkemia, ambaye alijihesabu kuwa mtu wa haki kuliko wenzake wote, aliona kwamba katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kumuuliza mzee huyu anataka nini.

Ijumaa ya mwisho ya ajira yake Mizani alikuja akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Hakutaka hotuba. Alimpeleka mkemia mbele ya tanuri la kukaushia vitambaa, ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuliendesha.

"Mlango huu usiuvute. Uinue kwanza, bawaba zimechoka."

Mkemia aliinua, akavuta. Mlango ukagoma.

"Taratibu. Tena."

Alijaribu tena, na tena. Mzee alisimama kando, mikono nyuma, wala hakumsaidia.