Mienge Kumi na Nane

Mjomba Ernesti aliniambia kwamba nikienda kutoa ushahidi nisirudi nyumbani kwake, na mama yangu nimchukue huko huko niendako. Aliyasema hayo uani akipiga mswaki, povu mdomoni, kama mtu anayeagiza sukari.

"Miaka saba," akasema. "Watu wameoa, wamezaa, wengine wamekufa. Wewe ndiyo unakumbuka leo?"

Mbele za watu huwa sina maneno, na mbele ya mjomba nilikuwa sina kabisa. Tangu baba afariki tunakaa kwake, mimi na mama, chumba cha nyuma, katika kambi ya shamba la mkonge upande wa Tongoni. Yeye ni mnyapara pale. Kanisani anakaa benchi la mbele.

Kesi yenyewe ni ya maandamano. Miaka saba iliyopita kilikuwepo kikundi kilichojiita Wana wa Udongo. Walikutana kilabuni wakaambiana kwamba watu wa damu ya hapa ndio watu, na kwamba Wahindi, hata wale ambao babu zao wamezikwa Tanga, ni wageni wa kufukuzwa. Jumatatu ya Pasaka, jua linazama, waliingia mtaa wa Chumbageni na mienge ya moto. Walipita mbele ya maduka ya Wahindi wakiimba, "Tanga ya wenyewe! Wahindi baharini!" Mwenge mmoja ulirushwa kwenye mlango wa duka la Amirali. Amirali aliuondoa kwa mikono yake. Mkono wa kulia haukukunjuka tena.

Mimi nilikuwa ndani ya nyumba yenye duka hilo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimeacha shule darasa la tano, nafanya kazi za ndani kwa mkewe, Rehmatbai. Nilichungulia kwenye upenyo wa dirisha nikamwona mjomba wangu mbele ya wote, mwenge juu, shingo imemvimba kwa kuimba. Polisi waliponiuliza, nilisema sikuona mtu, kisha nikaacha kazi ile.

Walikamatwa kumi na mmoja, mjomba akiwemo, wakapata dhamana. Kila tarehe ilisemwa upelelezi haujakamilika, mwisho kesi ikafutwa. Amirali akafa mwaka wa tano. Mwaka huu akaja wakili mpya wa serikali, dada mmoja anaitwa Beatrisi, akalitoa faili kabatini na kuwashtaki upya. Kisha akanifuata mpaka shambani na viatu vyake vya ofisini.

"Uliona," aliniambia. Hakuuliza.

"Nani kasema?"

"Rehmatbai. Anasema wewe ndiye uliyekuwa dirishani. Anasema pia wewe ni mwongo."

Rehmatbai hakuwa anajua yote. Alhamisi kabla ya Pasaka ile nilikuwa nimekuja nyumbani mapumziko. Mjomba akaniletea fimbo kumi na nane na gunia la katani mbovu. Akasema niviringe katani kwenye ncha za fimbo, ni mienge ya mkesha wa Pasaka kanisani. Nikafurahi. Nikafunga yote kumi na nane kwa ukanda wa jani bichi la mkonge, kama tunavyofunga mafungu ya majani shambani. Kule kila nyumba ina fundo lake, ili mafungu yasichanganyike. La kwetu ni la babu mzaa mama: unazungusha mara mbili, mkia unaupitisha chini na kuurudisha ndani. Mtu wa mjini angefunga kwa waya.

Siku ya mkesha niliitafuta mienge yangu. Watu walikuwa wameshika mishumaa tu. Niliiona Jumatatu, nikiwa kwenye dirisha la Rehmatbai.

Siku moja kabla ya mahakama mama aliniuliza, "Ukisema, tutalala wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi usiseme."

Lakini asubuhi alikuwa amevaa kabla yangu, ameshika mkoba wake, anasubiri mlangoni.

Barazani pa mahakama rafiki zake mjomba walikuwa wamejaa.

"Huyo hapo binti wa Kihindi!"

"Umeahidiwa biriani ya kuku au ya mbuzi, we Imakulata?"

Mjomba alikuwa katikati yao na suti ya kanisani. "Serikali kila mwaka inakimbiza mwenge nchi nzima," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Sisi tukishika wetu, jinai!" Wakacheka mpaka askari akawaambia wanyamaze.

Rehmatbai alikuwa peke yake kwenye benchi, amekonda. Nikamwinamia.

"Shikamoo, mama."

"Sitaki shikamoo yako. Mume wangu aliingoja miaka mitano, hukuileta."

Nilipoitwa kizimbani nilipanda, nikaapa. Nilisema nilichokiona dirishani, nikamtaja mjomba. Wakili wa washtakiwa akasimama taratibu, anatabasamu.

"Giza lilikuwa linaingia?"

"Ndiyo."

"Dirisha lilikuwa limefungwa, unachungulia upenyoni?"

"Ndiyo."

"Na polisi uliwaambia hukuona mtu?"

"Ndiyo."

"Sasa, binti, uliongopa siku ile au unaongopa leo?"

Watu wakacheka. Hata karani aliinamisha uso. Wakili akachukua kielelezo mezani, fimbo iliyoungua ncha, akaizungusha hewani. "Mteja wangu hajawahi kukiona kitu hiki. Kimeokotwa barabarani. Kinaweza kuwa cha mtu yeyote wa Tanga hii."

Ningeweza kunyamaza hapo. Yangekwisha, mama angelala chumbani kwake. Lakini nilikuwa naitazama ile fimbo. Katani yote ilikuwa imekwisha kuwa masizi, ila ukanda haukuungua. Jani bichi la mkonge haliungui upesi. Lilikuwa limekauka tu miaka yote ile, na fundo limekaa.

"Hiyo nimeifunga mimi," nikasema.

Hakimu akainua kalamu. "Sema tena."

Nikasema tena, na mengine yote: gunia, fimbo kumi na nane, mkesha. Wakili akaruka. "Mheshimiwa, shahidi anatunga! Hili ni fundo tu!"

"Unaweza kulifunga hapa?" hakimu akaniuliza.

Akafungua kamba iliyofunga lile faili, akanipa pamoja na rula yake. Fundo lile halihitaji akili, mikono inalijua. Mara mbili, mkia chini, ndani. Karani akaiweka rula kando ya fimbo, mbele ya hakimu. Hakimu akavua miwani, akaivaa tena.

Ndipo mjomba akasimama, wakili wake anamvuta koti.

"Hilo fundo si lake!" akapiga kelele. "Hilo ni la baba yangu! Nyumba yetu yote tunafunga hivyo, hakuna wengine Tanga nzima! Huyu mtoto wa kuokotwa na Wahindi ndiye aje kujitangazia fundo letu?"

Wakili wake alifumba macho. Mjomba alibaki amesimama, bado anahema kwa hasira, bado hajajua amesema nini.

"Andika hilo," hakimu akamwambia karani.

Nyuma, Rehmatbai alikuwa amesimama pia. Aliniita kwa jina.

"Wewe ndiye uliyefunga?"

"Ndiyo, mama."

"Na jioni ile ukala chakula changu."

"Ndiyo, mama."

Hakimu alimwambia aketi. Hakuketi. Alinitazama kama anavyotazama mchele wenye mawe, akatoka.

Kesi ikaahirishwa mpaka tarehe kumi na nne mwezi ujao. Washtakiwa wataendelea kuwa nje kwa dhamana, hakimu akasema, ila yeyote atakayemsumbua shahidi dhamana yake itafutwa siku hiyo hiyo. Hakuniuliza ninalala wapi.

Barazani rafiki zake mjomba hawakuwa na utani tena. Mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Mjomba akatusogelea, mama akiwa kati yetu.

"Nilikwambia. Haya, utalala wapi leo?"

"Kwako," nikasema.

"Unasema?"

"Kwako, mjomba. Chumba cha nyuma, na mama. Ukinitoa nitarudi hapa ndani kumwambia hakimu, ameshasema atafanya nini. Tarehe kumi na nne nitaamkia kwako, ninywe chai kwako, nije kumalizia."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini alisikia. Kisha akamgeukia mama. "Praxeda, unamsikia mwanao?"

Mama alihamishia mkoba bega la pili.

"Tangulia, Ernesti," akasema. "Wewe ndiye mwenye ufunguo."

Akatangulia. Tukamfuata kwa nyuma, mimi na mama.