Sauti Iliyobaki Shambani

Ezéchias alikuwa na sauti, na hilo hata wasiompenda walilikubali. Kule Minembwe alikozaliwa, akiita ng'ombe walio bonde la pili, walimjia mmoja mmoja bila kuguswa fimbo. Alianza chini kifuani, hoo ndefu isiyo na neno, kisha akataja majina: Gaju, Bihogo, na wengine ambao leo hakuna hata mmoja aliye hai, maana vita vilimaliza mifugo kabla ya kuwageukia wenye mifugo. Sauti ndiyo urithi pekee aliofika nao Columbus, Ohio. Na kazi yake ilikuwa imeshapangwa. Siku Isaro, binti wa marehemu kaka yake, atakapotolewa mahari, yeye baba mdogo ndiye atakayewaita ng'ombe wake.

Ng'ombe wenyewe ni wa mdomoni tu. Huku Marekani hakuna aletaye ng'ombe ukumbini. Msemaji wa upande wa bwana harusi huwatangaza, mzee wa upande wa bibi harusi hutoka nje kuwakagua, hurudi akiwaita kwa majina na sifa, na wageni wote huinua mikono juu kama pembe. Asipowaita, ni kama amewakataa. Isaro alikuwa na miaka sita, wako kambini Burundi, alipomshika kidole na kumtaka aape kwamba hatamwachia mtu mwingine kazi hiyo. Akaapa.

Ghala alilokuwa akipakia mizigo lilifungwa majira ya baridi. Aprili, yeye na Bagula, jirani yake wa mtaa wa Linden, Mshi, mtu wa kabila jingine la huko huko kwao, mwenye mdomo usiopumzika, wakapata kazi kwenye shamba moja nje ya mji. Lilikuwa na mabanda marefu ya mabati, na ndani vizimba vya waya vimepangwa pande mbili, kila kimoja hakizidi droo ya kabati. Mnyama wa humo wenyewe wanamwita minki. Bagula alimtazama siku ya kwanza, mwili mrefu, miguu mifupi, macho ya mwizi, akasema huyu ni nguchiro, na nguchiro akabaki.

Nguchiro hao hawaliwi. Wanavuliwa ngozi zishonwe makoti ya manyoya, na koti moja la mwanamke linakula hamsini au zaidi, yaani safu nzima ya vizimba kwa mabega ya mtu mmoja. Mwili unaobaki unatupwa kwenye pipa kama ganda la ndizi. Ni mnyama wa majini, ana utando kati ya vidole, lakini wale hawajawahi kuona hata dimbwi. Wanazaliwa juu ya waya, na siku wanayotolewa kizimbani ndiyo siku yao ya mwisho.

Ezéchias aliwalisha tangu siku hiyo ya kwanza. Mei wakazaa, vitoto vya kutosha kulala kwenye kijiko. Mtu aliyekulia kwenye mifugo hawezi kulisha mnyama akiwa bubu, basi akawaimbia kile alichokijua. Hapo ndipo alipokosea, ingawa sijui nani angemkataza. Baada ya wiki mbili nguchiro waliacha kuzunguka vizimbani kama wendawazimu. Wakisikia hoo yake mlangoni, safu nzima ilisogea mbele ikatulia, nyuso juu. Ni hao hao waliomng'ata Bagula mpaka glavu ya ngozi ikatoboka.

Novemba manyoya yakakomaa. Likaletwa sanduku lenye magurudumu, na ubavuni mwake mtungi wa gesi ya kuwaulia. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu: wanyama walipiga kelele, waling'atana, wakatoa ule uvundo wao wa hofu, na ngozi nyingi zikachanika. Mwenye shamba akakumbuka kitu. Akamwita Ezéchias, akamwambia aimbe.

Baba yake alikuwa na mwiko mmoja: sauti unayomwitia ng'ombe kukamuliwa, usimwitie kuchinjwa. Wa kuchinjwa alikabidhiwa mtu mwingine, na aliyemlea akashuka mtoni mpaka kazi iishe. Ezéchias alisimama dakika nzima na mwiko huo. Lakini mwenye njaa hana miiko, na ghala lilikuwa limeshafungwa. Akaimba. Wakaja mbele, wakainua nyuso, wakashikwa shingoni wakiwa wametulia, wakatiwa sandukuni. Hakuna aliyelia.

Mchana Bagula alimkuta amekaa kwenye gari, chakula hajakigusa.

"Weye uko na shida gani? Mbuzi unakulaka, haiko na roho? Kuku ya Pasaka, haiko na roho? Donc hiki kinyama cha kunuka njo kitakuliza?"

"Mbuzi nilimuchungaka. Alikula majani, alikanyaga udongo, njo nikamukula. Hiki hakuna mutu atakikula."

"Bon, batu basivae makoti? Baridi ya huku hauijue?"

"Yangu ni ya nailoni, na sijakufa." Akakisukuma chakula kando. "Bagula, haiko kufa njo kunaniuma. Kila munyama anakufaka. Hawa mimi njo nabaita. Banakuja juu bananiamini."

"Basi acha kazi."

Aliacha? Hakuacha. Kesho yake aliimba tena, na kesho kutwa.

Wiki ya tatu mwenye shamba alikuja na simu mkononi, akasema mkewe ana hamu ya kusikia wimbo huo wa Kiafrika. Sifa ni kitu kibaya. Ezéchias alivimba kichwa, akasafisha koo, akauimba wote, mwanzo hadi mwisho, vizuri kuliko siku zote. Jumatatu alikuta spika zimetundikwa kwenye kila banda, na yeye mwenyewe anaimba humo. Alimwendea mwenye shamba, akamwomba kwa Kiingereza chake cha kuokoteza aifute sauti hiyo. Mzungu hakukasirika, alishangaa tu. Ni sauti tu, alisema. Kisha, kwa ukarimu kabisa, akampa ruhusa ya Jumamosi aliyokuwa ameiomba. Nenda kwenye sherehe yako, alisema, sisi sauti tunayo.

Sherehe ilikuwa Louisville, anakoishi Nyirabeza, mama yake Isaro, mjane anayelea wazee wa watu kwa mshahara. Njia nzima kutoka Columbus Ezéchias alijiambia kwamba leo ataisafisha sauti yake. Ataimba mara moja kwa jambo jema, na hayo mengine yatafutika. Aliamini hivyo kabisa.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Jamaa wa bwana harusi, Theogene, walikuwa wametoka East Side ya Buffalo, wakaendesha gari kwenye theluji tangu alfajiri. Mzee Ntwari, msemaji wao, alisimama na fimbo, akatangaza ng'ombe wanane wanaosubiri nje. Vigelegele vikapigwa. Ezéchias akachukua fimbo yake, akatoka kwenda kuwakagua.

Nje palikuwa na magari na theluji. Angegeuka hapo hapo na kurudi. Lakini moyo haukutulia, akampigia Bagula. Alitaka kuambiwa kwamba spika zimeharibika.

"Bananiweka kwa spika?"

"Ngoja." Bagula akainua simu yake juu. "Unasikia? Iko inaita tu. Haichoke, haikohoe. Banakuja mbele bote."

"Zima."

"Nizime na mukono gani? Niko nashika banyama."

Na kwa simu Ezéchias akajisikia. Hoo, ndefu, kutoka kifuani. Gaju. Bihogo. Ilikuwa nzuri mno, hakuna mnyama ambaye asingeifuata. Akakata simu, akarudi ndani.

Wageni walisimama. Isaro alikuwa mbele, amevaa mshanana mweupe, vazi la sherehe linalofungwa begani, amefumba macho na kuinua uso, anangoja kuitiwa. Ezéchias alifungua kinywa. Ule uso ulioinuliwa alikuwa ameuona miezi saba, safu kwa safu, na hoo haikutoka.

"Ng'ombe nimewaona," alisema. "Ni wazima."

Watu wakangoja. Minong'ono ikaanza upande wa Buffalo.

"Ndugu yetu," alisema Mzee Ntwari, "tunangoja sauti. Au ng'ombe zetu ziko na kasoro?"

"Hakuna kasoro, muzee. Sauti njo haiko. Leo iko kazini."

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani ni utani wa kunogesha. Nyirabeza hakucheka. Alimsogelea akamnong'oneza, "Shemeji, unatufezehesha mbele ya bageni." Isaro alikuwa amefumbua macho.

"Baba mudogo, uliniapia," alisema. "Plizi."

Angemwambia nini? Kwamba wimbo aliomwekea tangu kambini, saa hii hii unaita wanyama kwenye sanduku la gesi, ili wanawake wasiomjua wavae manyoya yao mabegani? Akatikisa kichwa, akakaa chini.

Ganza, mdogo wake Theogene, ndiye aliyeokoa jahazi. Alitafuta kwenye simu, akapata mtu fulani aliyejirekodi akiwasifu ng'ombe, akaiunganisha na spika za kanisa. Sauti ikajaa ukumbini, ya mtu asiyekuwepo. Minong'ono ikakoma. Wageni wakageuka, wakasogea mbele, wakatulia, nyuso juu.

Isaro alimtazama baba yake mdogo kwa muda. Kisha naye akaigeukia spika, akainua mikono na uso wake pamoja na wengine.