Magunia Katika Darasa la Sita

Kila Jumatano baada ya mapumziko ya saa nne, darasa la sita liliandika insha. Shule ilikuwa nje kidogo ya Saboti, mwaka 1988, na watoto wote hamsini na mmoja waliandika insha ileile: safari ya Nairobi, ambako hakuna hata mmoja aliyewahi kufika. Mwalimu Nakhungu alichoka kuzisahihisha.

"Leo andikeni mlichofanya jana," akasema. "Kama hukufanya kitu, andika hivyo."

Kiplangat, ambaye tangu Januari hakuwa amevuka mstari wa tatu, alijaza ukurasa mzima kuhusu ng'ombe aliyesaidia kumzalisha. Alipoweka nukta ya mwisho, ndama alikuwa amesimama kati ya madawati, bado amelowa.

"Mwalimu, huyu nimpeleke wapi?"

"Nje, kwa jua. Na urudi usahihishe tahajia."

Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuhimizwa. Waliandika hata wakati wa mapumziko. Jambo la kweli, likielezwa kwa undani, lilikuja. La kunakili kwa jirani halikuja. Darasa lilipata kuku watatu, sufuria ya maharagwe, na nyanya wa mwanafunzi aitwaye Jelimo, ajuza aliyezikwa Pasaka, ambaye alikaa nyuma akifuma kikapu mpaka kengele ikalia.

Mwezi wa kumi na moja, msichana mkimya aitwaye Chesang aliandika juu ya Ijumaa. Siku ya Ijumaa darasa la sita halikusoma. Lilienda kwenye shamba la hedimasta, Bwana Walubengo, kupalilia mahindi, na msimu ukifika, kuyavuna. Chesang aliandika malengelenge ya viganja, na jinsi mwenzao Nasambu alivyozimia kwa kiu wakamlaza chini ya mabua. Aliandika idadi ya magunia waliyojaza.

Mwalimu Nakhungu alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Alitoa alama thelathini na nane kwa arobaini. Magunia yakaja, sitini na mawili, yakapangana hadi darini, na watoto wakasogea ukutani.

Mkaguzi wa shule kutoka Kitale alikuwepo siku hiyo. Alisoma daftari, akayatazama magunia, akaandika kwenye ripoti kwamba darasa lina msongamano. Akaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Hedimasta aliingia kwa ubavu, maana mlango haukufunguka wote.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, mwalimu," Chesang akasema.

"Una mkono mzuri." Akagonga gunia moja kwa kidole. "Haya, yapelekeni kwa stoo, mpange kando ya yale mengine."

"Hawa ni watoto, Bwana Walubengo," Mwalimu Nakhungu akasema.

"Najua. Si ndiyo maana nasema wanne kwa kila gunia?"

Walibeba mpaka saa kumi. Chesang alirudi darasani na makapi kichwani, akasimama mbele ya meza ya mwalimu.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Sasa mbona imekuwa hivi?"

Mwalimu Nakhungu alimpangusa makapi, moja baada ya jingine.

Jumatano iliyofuata hedimasta alikuja mwenyewe na chaki. Aliandika kichwa cha insha ubaoni: Mavuno.

"Kurasa mbili," akasema, "na msiache kitu nje."

Watoto wakachonga penseli.