Mchoro Uliopokea Mlima

Rosenda Umali alikuwa akikoroga rangi ya kijani nyumbani kwake katika mji wa Angono, kahawa ikipoa pembeni, mti mkubwa wa balete ulipoingia kwenye mchoro wake. Hakuuchora yeye. Alikuwa amechora msichana mwenye pembe za kulungu amelala juu ya jani la gimbi, basi. Sasa mizizi ilikuwa ikisukuma fremu, na tawini alikaa mzee mdogo mwenye ndevu, amekumbatia bonge la udongo wa kwao.

"Umewaita wewe," alisema Puring, dada yake mkubwa, huku akipangusa matope yaliyodondoka sakafuni kutoka mizizini.

"Nilikuwa nakula, dada. Ulitaka nile kimya kama mchawi?"

Mwezi uliopita Rosenda alipanda mlimani kuchora. Alifungua wali na dagaa wake chini ya balete ule, na kwa mazoea akasema, "Karibuni tule." Angono kila mtu husema hivyo, na kila mtu hujibu kwamba ameshiba. Wenyeji wasioonekana wa mti ule hawakuwa wameshiba. Balete ndio uliotangulia; tangu hapo, kila mti ulioangushwa mlimani na mashine za kuchimba mawe ulihamia mchoroni kwake kabla ya chakula cha mchana, pamoja na wote waliokaa ndani yake. Ijumaa ulikuja mto.

Jumamosi alikuja Injinia Villaruz, mwenye machimbo. Aliutazama sana mchoro, akasema utafaa ofisini kwake.

"Hauuzwi," alisema Rosenda. "Hao ni wageni wangu."

"Nani kasema nanunua, mama?" Akatoa hati. Iliandikwa kwamba mlima ni wake pamoja na vyote vilivyomo. Puring aliisoma mara mbili akitafuta upenyo, asiuone.

Wafanyakazi wake waliubeba mchoro bila kuuinamisha, mto usimwagike. Mzee mdogo hakuaga. Rosenda aliona aibu, maana hakuwahi kumkaribisha mtu, hata jirani mbaya, kisha akamwacha atolewe nje.

Injinia alirudi kutoka garini.

"Mlima wa pili tunauanza Jumatatu," alisema kwa upole. "Andaa mchoro mwingine, mkubwa zaidi. Humu wamebanana mno."

Rosenda akaupima ukuta kwa macho. Kisha akamwomba Puring amshikie upande mmoja wa turubai la kuchorea, pana kama ukuta wenyewe, wakaanza kuligongomea ukutani kwa misumari.