Mama Mkwe Kwenye Mizani

Usiku wa kuamkia leo, Gaudensi Kihwele aliota kwamba gari lake limeamka kabla yake. Alilikuta sebuleni, limekaa kwenye kochi la watu wawili, linakunywa chai ya rangi kwa kikombe chake. Kilichomkera ni kwamba lilikuwa limepita juu ya zulia na matairi yote manne bila kuyafuta. Alitaka kusema neno, akakumbuka kwamba mkewe Leokadia amemnunia, na mwanamume aliyenuniwa hana mamlaka ya kugomba kuhusu zulia. Akasimama tu.

Kabla hatujaenda mbali, ijulikane Leokadia alinuna kwa nini. Gari lenyewe ni la mtumba, limeshushwa bandarini kutoka Japani, jekundu lililopauka, lenye turbo. Gaudensi alilinunua akiwa na akili zake timamu. Zilianza kupungua baadaye. Alibadilisha bomba la moshi, akaweka jingine ambalo likinguruma mtaa mzima pale Iringa unajua nani karudi. Akabadilisha chujio la hewa, akaongeza presha ya turbo. Wiki hii fundi Chaula akamwambia kwamba nguvu zimetosha, kilichobaki ni kupunguza uzito, maana gari jepesi ndilo linalopanda mlima. Basi juzi Ijumaa jioni Gaudensi akang'oa kiti chote cha nyuma na kukiegemeza kwenye banda la kuku. Leo Jumapili kulikuwa na mashindano ya kupanda mlima nje kidogo ya mji, naye alishajiandikisha.

Leo hiyohiyo madaktari wa macho kutoka Dar es Salaam walikuwa wanakuja hospitali ya mjini kuondoa mtoto wa jicho, na wakiondoka hawarudi hadi mwakani. Mama yake Leokadia, mjane aitwaye Generoza, anaishi Ilula, na siku hizi humtambua mtu kwa sauti tu. Alikuwa amepangwa kufanyiwa upasuaji, na aliyeahidi kwenda kumchukua alikuwa Gaudensi. Kwa desturi ya kwao mama mkwe hakai mbele, bega kwa bega na mkwewe. Hukaa nyuma, na heshima inabaki mahali pake. Leokadia alikitazama kiti pale kwenye banda la kuku akauliza, "Na mama atakaa wapi?" Gaudensi akajibu kwamba mama anaweza kupanda basi. Leokadia akasema sawa, na baada ya hiyo sawa hakusema naye tena.

Sasa turudi sebuleni. Gari lilimaliza chai, likaweka kikombe juu ya sahani yake kwa adabu, likasema, "Twende, mzee. Ila tupitie mizani kwanza."

Hapakuwa na haja ya kutoka nje. Sebule ilikuwa imeshageuka mizani ya barabara kuu, ile ya kupimia malori, na malori yenyewe yamepanga foleni hadi jikoni. Gaudensi ameshika usukani. Hajui aliingia saa ngapi. Mbele yake anakuja ofisa wa mizani, na ofisa huyo ni turbo.

Turbo, kwa asiyeijua, huzungushwa na moshi wa injini, na imeviringwa umbo la konokono. Huyu alikuwa konokono kwelikweli, wa chuma, mkubwa kuliko sufuria ya ubwabwa, amevaa kofia ya kazi na filimbi shingoni. Alitoka kibandani kuja dirishani taratibu mno. Gaudensi alimngoja hadi mguu ukafa ganzi, akijiuliza inawezekanaje kiumbe wa mwendo huu ndiye anayelitia gari mbio. Aliona haya kuuliza.

Konokono alimwambia kwamba uzito umezidi. Gaudensi akajitetea kwamba kiti cha nyuma ameshakitoa. Konokono akasema kiti ni mwanzo tu, watu wengi huishia hapo ndiyo maana hawafiki popote.

Wakaanza kutoa. Wakatoa jeki na tairi la akiba. Redio ilikubali kutoka kwa sharti la kumalizia taarifa ya habari, nayo taarifa ilihusu bei ya alizeti, ikachukua muda. Ikafuata gia ya kurudi nyuma. Gaudensi aliuliza kama hiyo haina kazi, akaambiwa kwamba mashindano hayarudi nyuma, akaona kuna mantiki. Kisha vibarua wawili wakaja kutoa jina la ukoo. Kihwele lilikuwa zito kuliko alivyodhani, kwa kuwa babu zake wote walikuwa wamelikalia, na ilibidi washushwe mmoja mmoja na kupewa viti vya plastiki kando ya barabara. Mwisho wakatoa shikamoo zake. Zilijaza viroba, tangu zile za utotoni alizozitoa kwa kulazimishwa na mama yake hadi zile za juzi ofisini.

Kila kitu kilipotoka, Gaudensi alihisi kuna kitu kimepungua. Alijaribu kukitaja akashindwa, maana kilikuwa kimeshatoka. Alizungusha shingo huku na huku akitafuta asichokijua. Gari lilimwambia atulie, wepesi huzoewa polepole.

"Wengine wanataka hewa safi," Konokono alimweleza huku akifungua kiroba kingine. "Mimi naendeshwa na pumzi iliyokwisha kutumika. Hii ni miguno ya mkeo, ya tangu juzi. Ina presha nzuri sana."

Gaudensi akasema hajamsikia mkewe akiguna hata mara moja.

"Ndiyo maana ina presha," akajibu Konokono.

Akaimimina kwenye bomba, na gari likaruka mbele kidogo huku limefungwa breki. Gaudensi aliona aibu. Aliona aibu kweli, moto ukampanda hadi masikioni. Lakini tusimfichie, alifurahi pia kuhusu presha.

Ndipo Konokono akachungulia nyuma na kuuliza, na mzigo huu je?

Gaudensi aligeuka. Pale palipokuwa na kiti, juu ya bati tupu, alikaa mwanamke mzee amekunja miguu, kikapu mapajani, kanga imefunika mabega. Hakuwapo dakika moja iliyopita, au alikuwapo siku zote. Gaudensi hakuweza kuamua. Alijua kwamba ni mtu wa heshima kubwa na kwamba kuna neno lazima aliseme mara moja. Akaingiza mkono mdomoni kwake kulitafuta. Halikuwapo, lilikuwa kwenye kiroba kule nje.

"Mambo vipi?" akasema Gaudensi.

Malori yote kwenye foleni yalizima injini. Konokono alivua kofia. Babu zake kwenye viti vya plastiki waliinamisha vichwa wakatazama viatu vyao.

"Poa," akajibu mama mkwe.

Mshale wa mizani ulikuwa umezidi kidogo tu. Konokono aliutazama, akamtazama mama mkwe, akautazama tena mshale, akanyamaza kama watu wa ofisi wanavyonyamaza wanapotaka wewe ndiye useme. Gaudensi alimwomba mama mkwe aje akae mbele, labda mbele kuna uzito wa namna nyingine. Alikuwa amechanganyikiwa na aliamini kabisa alichokisema.

"Mimi sikai mbele, baba," akajibu yule mama.

"Basi shuka kidogo. Nitarudi kukuchukua."

"Utarudi na gia gani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ajipange vipi. Gaudensi kwa wakati ule hakukumbuka kwamba gia ziko za aina mbili, za kwenda mbele na ya kurudi nyuma. Mama mkwe akapapasa mlango, akashuka huku akitanguliza mguu kuitafuta ardhi, kikapu mkononi. Mshale ukarudi mahali pake, na Konokono akapuliza filimbi.

Gari linapaa. Mbele ni mlima wa Kitonga, kona zile zile, ila safari hii mlima umesimama wima ukutani na gari linaupanda bila matairi kugusa lami. Gaudensi anashika usukani na usukani hauna uzito. Anataka kufurahi. Amengoja siku hii kwa miezi, ameota bomba, ameota presha, na sasa anapita mawingu yakiwa upande wa abiria. Furaha haiji. Anapekua moyoni kuitafuta, akahofia kwamba nayo ilitolewa kwenye mizani.

Kileleni palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha harusi. Majaji walikuwa plagi nne, wamekaa wima kwa kufuatana, kila mmoja na glasi yake ya maji. Walisema kwa zamu ile plagi huwaka nayo ndani ya injini: wa kwanza, wa tatu, wa nne, ndipo wa pili.

"Umeshinda," akasema wa kwanza.

"Lakini," akasema wa tatu.

"Wewe," akasema wa nne.

"Ni nani?" akamalizia wa pili.

Akawaambia yeye ni Gaudensi. Wakamuuliza Gaudensi wa nani. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Wakamweleza kwa upole, kwa zamu zao, kwamba kikombe cha ushindi hakiwezi kukabidhiwa mtu asiyejulikana ni wa nani, lakini si neno, akimleta mtu mmoja tu anayemfahamu itatosha. Gaudensi aliwatazama waliokuwapo. Walikuwa wengi na walimshangilia sana, na hakuna aliyemjua. Akakumbuka kwamba yuko mtu mmoja anayeweza kumtambua hata bila kumwona, akikohoa tu, na mtu huyo amesimama chini ya mlima pembeni mwa mizani.

Aliingia garini akatafuta gia ya kurudi nyuma. Alisukuma mkono pale inapokaa, mkono ukapita hadi kwenye kiwiko.

"Nilidhani tumekubaliana," likasema gari.

Akashuka akaanza kukimbia. Anakimbia kuteremka, na kila anapohema, gari kule juu linavuta ile pumzi yake na kwenda mbele zaidi, kwa hiyo kila hatua anayopiga inaurefusha mlima. Anajaribu kukimbia bila kuhema. Kona za Kitonga zinageuka ukumbi wa hospitali, mrefu, una harufu ya dawa ya sakafu, na ukutani zimebandikwa zile herufi za kupimia macho, kubwa juu, ndogo chini. Wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi. Muuguzi anatoka mlangoni na kuita, "Generoza." Hakuna anayeitika. Anaita tena. Gaudensi anataka kusema yupo, nimemwacha barabarani, ni kosa langu, lakini amebana pumzi na sauti haina njia.

"Hayupo," muuguzi anasema. "Anayefuata."

Hapo Gaudensi aliogopa, hofu ya kweli. Alisahau mlima, akasahau pumzi, akakimbia kwa nguvu zote akihema ovyo, na gari liende litakakokwenda. Alipofika chini, mizani ilikuwa tupu. Foleni ya malori ilikuwa imekwisha. Konokono alikuwa anafagia.

Gaudensi alimuuliza yule mama yuko wapi. Konokono hakuacha kufagia. Alisema kwamba mizani hupima kilichopo, na kilichoshushwa si kazi yao. Gaudensi akaangaza barabara upande huu na upande ule, na pande zote zilikuwa sawa. Akaita kwa sauti yake yote, bila kujua neno gani litatoka. Lilitoka "mama", likaanguka juu ya bamba la mizani, na mshale ukazunguka hadi mwisho ukakwama.

Aliamka kwa sauti yake mwenyewe. Kulikuwa kumekucha. Leokadia alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, amevaa kanga, simu mkononi, anamtazama mumewe kwa namna ambayo hajamtazama nayo tangu juzi. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana kama mtu aliyepewa salamu asizozielewa na anaogopa kuzikosea.

"Mama kapiga simu," akasema. "Anasema nikwambie asante kwa kukimbia. Ila usihangaike, alipata lifti ya lori la vitunguu."

Gaudensi aliketi kitandani. Leokadia akaendelea kueleza kwamba alimuuliza mama lifti ya kutoka wapi kwenda wapi, ilhali mama tangu jana hajavuka hata kizingiti, hivi sasa yuko jikoni kwake Ilula anakoroga uji. Mama alimjibu kwamba Gaudensi anajua.

"Unajua nini?"

Gaudensi alifikiri aanzie wapi. Badala yake akauliza kama mama ameshapanda basi.

"Bado. Anauliza apande, au asubiri."

"Mwambie asubiri," akasema, akiwa ameshaanza kuitafuta suruali.

Kule mlimani saa hizo magari yalikuwa yanapangwa mstari. Gaudensi alitoka uani na spana, akaenda kwenye banda la kuku, akainama kukinyanyua kile kiti, akashindwa. Alijaribu tena, uso ukamwiva. Juzi alikibeba peke yake huku anapiga mluzi. Leokadia alimtazama kidogo, akasema na mama kwenye simu maneno mawili matatu, akaiweka kwenye dirisha, akaja kushika upande wa pili.