Chumba kwa Mama wa Beki

Mwandishi wa michezo alikuwa ameandika habari za timu moja kwa miaka tisa, na watani wao wa jadi alikuwa akiwararua gazetini bila huruma. Siku moja mhariri akampigia simu: "Funga virago. Kuanzia Jumatatu, hao hao watani ndio wako."

Akahamia mji wao roho mkononi. Kwa bahati akapata chumba kwa mama mmoja mchangamfu. Alipotua mizigo sebuleni, akaona kipande cha gazeti kimebandikwa ukutani: "Beki wa kushoto ana kasi ya kobe aliyeshiba." Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na picha yake ndogo pembeni.

"Huyo ni kitindamimba wangu," mama akasema, anatabasamu. "Analala chumba cha pili. Karibu sana, baba."

Alfajiri mlango ukagongwa. Ni beki, kavaa bukta. "Kaka, twende mazoezini. Uje umwone kobe kwa macho yako."

Kona ya pili tu, mwandishi alijibwaga kando ya barabara, anahema kama mvukuto. Beki akarudi, akacheka mpaka machozi, kisha akaketi naye. Akamweleza kwamba msimu ule alioitwa kobe alicheza mechi sita na goti bovu, akiogopa kupoteza namba kikosini.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, kaka? Wewe hukuniuliza hata siku moja."

Mwandishi akaona haya. Akaanza kuuliza pale pale, swali juu ya swali, mpaka mama akaja mbio kuwatafuta, akidhani wamepigana.