Kutoka Mlangoni Hadi Chooni

Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi kwamba hana mtu wa kumpeleka mtoto chooni. Binti yangu akiweza kwenda na kurudi mwenyewe, nafasi ya darasa la kwanza ni yake. Akishindwa, nafasi hiyo itapewa mtoto mwingine. Asubuhi hiyo alikuja nyumbani kujionea kwa macho yake, akasimama uani, mwavuli kwapani. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo uliteleza.

Binti yangu, tunayemwita Bosi kwa jinsi anavyotutuma, alishika fremu ya mbao ya kutembelea aliyotengenezewa na seremala wa mtaani. Miguu yake imekakamaa tangu kuzaliwa. Mhudumu wa utengamao, anayezunguka nyumba kwa nyumba kuzifundisha familia kumzoeza mtoto mwenye ulemavu kujitegemea, alikuwa amefanya kazi nasi mwaka mzima, na kazi yake kubwa haikuwa kwa mtoto, ilikuwa kwetu. Kila Bosi alipojaribu jambo, sote tulitakiwa kuweka mikono nyuma, kama wafungwa. Aliyeumia zaidi ni mama mkwe wangu, aliyembeba mjukuu huyo mgongoni tangu uchanga.

"Mlazeni na njaa basi, mseme ni mazoezi," alizoea kumwambia mhudumu.

Bosi akaanza. Fremu, mguu, mguu. Katikati ya ua fremu ilizama matopeni, akaanguka ubavu.

Mama mkwe alichomoka kando yangu. Nikamdaka mkono.

"Niachie, wewe. Mtoto yumo kwenye tope."

"Mama, nakuomba. Ukimwinua, shule imekwenda."

"Na akivunjika?"

Nikazidi kumshika. Mwalimu mkuu naye aliuweka mwavuli chini, akapiga hatua.

"Mikono nyuma, mwalimu," mhudumu, aliyesimama nasi uani, akamwambia kwa upole. Akatii, kama mwanafunzi aliyechelewa kuhesabiwa namba asubuhi.

Bosi alilala pale pale hata nikadhani amekata tamaa. Kisha akajigeuza kifudifudi, akapiga magoti, akaivuta fremu. Kuinuka tulimfundisha juu ya mkeka, kabla hata ya kutembea. Topeni hatukuwahi kujaribu. Mkono ukateleza. Akarudia. Mama mkwe alinibana vidole hadi vikafa ganzi.

Akasimama. Akafika. Mlango wa bati ukafungwa.

Tukasogea hadi mlangoni, tukasubiri. Alipokawia, nikaanza kuyawaza yote yanayoweza kumpata mle ndani akiwa peke yake.

Bibi yake akashindwa kuvumilia. "Umekwama, mjukuu wangu? Nije?"

"Sijakwama, Bibi," sauti ikatoka, imejaa hasira. "Mmejipanga wote hapo mlangoni. Nitafanyaje na watu wananisikiliza?"

Mwalimu mkuu ndiye aliyetangulia kuondoka, hadi langoni. Huko, akiwa ametupa kisogo, akaniuliza sare ya mtoto nitashonesha kwa fundi gani.